Wanasema Foto Zetu Hazifai

Sisi tunaolalamika hapa ni wakaaji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kavimvira kwenye mpaka hadi Kalundu kwenye bandari, pamoja na ndugu zetu wa Kiliba na Sange katika bonde la Ruzizi, na wale wa Makobola, Mboko na Baraka kando ya Ziwa Tanganyika. Kati yetu kuna wanafunzi, walimu, wauguzi, wamama wanaouza ndagala na vijana wa pikipiki. Hatukutumwa na chama chochote. Kilichotukutanisha ni foto: ile foto ndogo ya uso ambayo mtu akiomba viza, nafasi ya masomo au ruhusa ya kuhamia ng'ambo, serikali inayopokea maombi inamtaka aipakie mwenyewe kwenye intaneti, kwa vipimo vilivyopangwa mbali na kwetu. Foto hizo zinakataliwa, na mara nyingi hatuambiwi kwa nini. Tumechoka, na leo tunataka kueleza kinachotuchosha.

Wengi wetu tulikulia katika desturi ya foto ya karatasi. Ukitaka kuandikisha mtoto shuleni, kuomba kazi au kutafuta karatasi ya kuvukia kwenda Bujumbura, uliambiwa ulete foto za paspoti, mbili au nne. Ulikwenda kwa mpiga foto, ukakaa kwenye kiti mbele ya pazia, ukarudi kuzichukua zikiwa tayari. Karani alipaka gundi, akagonga muhuri nusu juu ya karatasi na nusu juu ya bega lako, kazi ikaisha. Kama foto ilikuwa mbaya, karani alikuangalia usoni, akaangalia foto, akasema: "Papa, hapa huonekani vizuri, lete nyingine." Ulijua kosa lako papo hapo, na kesho yake ulirudi na foto nzuri. Leo anayeikagua foto ni mashine. Haisemi hayo, na hakuna wa kumuuliza.

Mfano unaojulikana karibu katika kila nyumba hapa ni loteri ya viza ya Marekani. Ilitokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, na ilitenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo raia wake waliohamia huko ni wachache. Zamani maombi yalikwenda kwa posta. Kuanzia mwisho wa mwaka 2003 njia ikabaki moja tu, ya intaneti. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2024, Oktoba ndiyo iliyokuwa msimu wake. Mwaka 2023, kwa mfano, mlango ulifunguliwa tarehe 4 Oktoba ukafungwa tarehe 7 Novemba. Mtu asituambie kwamba kujaribu ni tamaa. Vita na kukimbia vimewatawanya jamaa zetu kutoka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma hadi miji ya Texas na Kentucky. Mama anayetaka kumfuata dada yake, au kijana anayetafuta mahali ambapo diploma yake itampa kazi, anafanya jambo la halali, na anastahili kushindwa au kufaulu kwa haki.

Sasa sikilizeni masharti ya foto. Iwe ya mraba kamili, pikseli 600 kwa 600. Iwe ya aina ya JPEG, na uzito wake usizidi kilobaiti 240. Iwe ya rangi, imepigwa ndani ya miezi sita iliyopita, na nyuma ya mtu pawe peupe au panapokaribia weupe. Kichwa, kutoka ncha ya kidevu hadi utosini, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa foto. Uso utazame mbele, macho yote mawili wazi, bila kivuli. Miwani hairuhusiwi, sharti lililoingia Novemba 2016. Kilemba au hijabu inakubaliwa kwa sababu ya dini pekee, mradi uso wote uonekane. Mwanafunzi au msafiri anayejaza fomu ya viza ya kawaida ya nchi hiyo naye hukutana na masharti ya jamii hiyohiyo, ila anaruhusiwa kufika pikseli 1,200 kwa 1,200, huku mpaka wa kilobaiti 240 ukibaki palepale.

Kila sharti, ukilitazama peke yake, ni dogo. Mzigo unakuja pale unapotakiwa kuyatimiza yote kwa wakati mmoja, ukiwa Uvira.

Anza na weupe wa nyuma. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo au mbao, na nyingi zenye sementi hazikupakwa rangi. Ukuta mweupe safi, usio na ufa wala alama ya mvua, ni kitu cha kutafuta mtaani. Basi tunatundika shuka. Shuka ina mikunjo, na kila mkunjo una kivuli chake. Upepo wa ziwa ukianza, shuka inacheza. Ukisimama karibu nayo, kivuli cha kichwa chako kinaonekana nyuma ya sikio; ukisogea mbele, shuka haitoshi kukufunika pande zote. Ukivaa shati jeupe la kanisani kwa heshima ya siku hiyo, mabega yanapotelea kwenye shuka. Wanaoweka masharti haya wanafikiria studio yenye taa mbili na ukuta uliopakwa rangi. Sisi tunapiga foto uani, watoto wa jirani wakishikilia ncha za shuka.

Halafu kuna umeme. Mto Ruzizi unaoingia ziwani jirani kabisa na mji wetu una mabwawa mawili ya umeme huko juu karibu na Bukavu, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989. Hata hivyo mtaa mzima unaweza kukaa gizani siku nzima, na usiku wake pia. Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua. Wingu likikaa juu ya milima ya Mitumba, vibao vya jua havijazi betri, ndani ya nyumba ni giza la saa kumi na mbili jioni, na simu zinaishiwa moto. Fomu ya loteri inampa mwombaji dakika 60 tangu anapoifungua, na haihifadhi chochote alichoandika. Umeme ukikatika dakika ya hamsini, au konekisheni ikikwama wakati foto ya mtoto wa tano inapanda, unaanza upya tangu jina la ukoo. Na mega za intaneti zilizoliwa hazirudi. Mtu alinunua mega kwa pesa ya mboga, akazimaliza akitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo.

Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia kwenye sekretaria publiki, vile vibanda vya kompyuta, printa na fotokopi vinavyoendeshwa kwa jenereta. Vijana wanaofanya kazi humo wametusaidia mno, na tunawashukuru hadharani. Wamejifunza kazi hii wenyewe, usiku, kwa kujaribu. Lakini lazima pia tuseme yanayotokea, kwa sababu wao hawakuandika masharti na hakuna aliyewahi kuwaita kuwafundisha.

Simu ya leo hupiga foto yenye mamilioni ya pikseli na uzito wa megabaiti tatu, nne au tano. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kinachotakiwa. Kuna njia mbili za kuipunguza. Ya kwanza ni kupunguza vipimo, yaani kuifanya iwe 600 kwa 600, na uzito unashuka wenyewe uso ukibaki safi. Ya pili ni kubana ubora: vipimo vinabaki vikubwa, lakini kompyuta inatupa sehemu ya habari za foto hadi ngozi inakuwa vipande vipande na mistari ya macho inayeyuka. Zote mbili zinashusha kilobaiti, kwa hiyo kibandani zinaonekana sawa. Kwa mkaguzi hazifanani kabisa. Wengine huchukua foto ndefu wakaivuta hadi iwe mraba, na mtu mwembamba anatoka na mashavu yasiyo yake. Wengine huielekeza simu juu ya foto ya karatasi ya miaka iliyopita wakaipiga, na mng'ao wa plastiki unaonekana kwenye paji la uso. Na foto iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na programu yenyewe kabla haijafika, hivyo kijana wa kibandani anaanza kazi akiwa na foto ambayo tayari imepungua nguvu.

Katikati ya shida hizo wameingia madalali. Dalali anakwambia: "Mama, nipe majina na foto, mengine niachie." Anajaza fomu kwa anwani yake ya barua pepe, na namba ya uthibitisho anabaki nayo yeye. Namba hiyo ndiyo inayofungua jibu majibu yakitoka mwezi wa Mei. Mwombaji akichaguliwa, dalali anadai dola kabla ya kuitoa. Serikali ya Marekani yenyewe imekuwa ikiwaonya waombaji dhidi ya matapeli wa aina hii. Onyo ni zuri, lakini fomu yenyewe hujazwa kwa Kiingereza pekee, katika mji ambao shule zinafundisha kwa Kifaransa na sokoni watu wanasema Kiswahili, Kifuliiru, Kivira na Kibembe. Dalali hawezi kukosa kazi mahali ambapo mwombaji hawezi kuisoma fomu yake mwenyewe.

Linalotuuma kuliko yote ni ngozi. Mpige mtu mweusi mbele ya shuka nyeupe juani, kisha tazama foto: shuka imetoka vizuri na uso umekuwa kivuli. Sababu inajulikana. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo lote, inaona weupe mwingi, inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inapunguza. Weupe unakaa sawa, na sisi tunazama gizani. Sharti la nyuma peupe lina gharama ndogo kwa mtu mwenye ngozi nyeupe. Kwetu linageuka kuwa mtego: unaambiwa uweke nyuma yako kitu kinachoifanya kamera isikuone, kisha unaambiwa huonekani.

Hili halikuanza na intaneti. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha foto kadi ya kulinganishia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha foto iliyotoka vizuri. Mashine za kukagua nyuso zimerithi mwelekeo huo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wa pili akiwa mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume weupe makosa ya programu hizo hayakuzidi asilimia 0.8, lakini kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Mwaka 2020 BBC iliujaribu ukaguzi wa foto za paspoti za Uingereza kwenye intaneti. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa foto yao ni mbaya mara 22 katika kila 100, wakati kwa wanawake weupe ilikuwa mara 14. Kwa wanaume weusi ilikuwa 15, na kwa weupe 9. Kama mwanamke mweusi anayeishi London, mwenye umeme saa 24 na duka la foto kwenye kona ya barabara, anaambiwa na mashine kwamba uso wake una kasoro, mama wa Kalundu atapata wapi nafuu?

Ongezeni watoto. Loteri inataka foto ya mwombaji, ya mume au mke wake, na ya kila mtoto asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 21, hata kama mtoto huyo hatasafiri. Ukimwacha mmoja, familia nzima inaweza kuondolewa. Familia zetu ni kubwa. Kwa hiyo baba mwenye watoto saba ana foto tisa za kutimiza, kila moja mraba, kila moja nyeupe nyuma, kila moja chini ya kilobaiti 240, ndani ya saa moja ya fomu. Mtoto mchanga naye anatakiwa afumbue macho, atazame mbele, na mkono wa mama unaomshikilia usionekane. Aliyewahi kumlaza mtoto wa miezi mitatu juu ya shuka nyeupe akisubiri atazame kamera anajua kazi hiyo inachukua asubuhi nzima, na mtoto akilia, uso uliovimba kwa machozi haupigwi.

Na baada ya jasho hilo lote, jibu la mashine ni ukimya. Foto ikizidi uzito, ukurasa unaikataa hapohapo, na hilo angalau ni jibu. Lakini foto yenye kivuli, yenye miwani, au iliyotumika mwaka uliotangulia inaweza kupokelewa vizuri kabisa. Unapewa namba, unamshukuru Mungu, unasubiri hadi Mei. Aliyekosa bahati na aliyeondolewa kwa sababu ya foto wote wanasoma maneno yaleyale, kwamba hawakuchaguliwa. Hivyo mtu anaweza kurudia kosa lilelile mwaka hadi mwaka akidhani ni bahati mbaya. Aliyechaguliwa naye hajapona. Mahojiano yako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa hata kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kumfikisha. Analipa nauli ya ndege, vipimo vya daktari, na dola 330 za mahojiano zisizorudishwa. Foto ya zamani iliyopakiwa na dalali inaweza kumpotezea yote dirishani, mbele ya afisa ambaye kwa mara ya kwanza anaulinganisha uso na foto.

Tukilaumu Washington tu, hatutakuwa wakweli. Serikali yetu wenyewe ina sehemu kubwa katika taabu hii. Sensa ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Tangu uandikishaji wa mwaka 2005, kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia. Katika uandikishaji wa mwisho, uliofika katika jimbo letu la Kivu Kusini kuanzia tarehe 16 Februari 2023, foto zilipigwa na watumishi wa tume ya uchaguzi, kwa vyombo vya tume, na kadi zikatolewa palepale. Baada ya miezi michache kadi zilianza kufifia nchi nzima. Majina yalififia, sura zikafutika, na kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 tume ililazimika kutoa nakala mpya kwa wale ambao kadi zao hazikusomeka. Sasa mwenye kadi kama hiyo akitakiwa kuipakia kwenye maombi kama ushahidi wa utambulisho, skana inatoa karatasi yenye doa la kijivu mahali pa uso. Anaambiwa hati yake haisomeki. Uso huo haukupigwa na yeye, wala kadi hakuichapa yeye, lakini anayerudishwa nyumbani ni yeye.

Tarehe 30 Juni 2023 kadi ya kwanza ya kitambulisho cha taifa ilikabidhiwa kwa Rais Félix Tshisekedi. Mkaaji wa kawaida wa Uvira bado anatembea na kadi ya mpiga kura. Paspoti nayo ilikuwa mlima. Kuanzia mwaka 2015 raia alitozwa dola 185, na bei ilishushwa hadi dola 99 mwishoni mwa mwaka 2020. Mwaka 2019, bei ikiwa bado 185, Marekani iliongeza sharti kwamba anayeingia kwenye loteri awe na paspoti tayari, na mahakama ya huko ikaja kulifuta mwaka 2022. Kwa mwalimu wa Uvira, sharti hilo lilikuwa na maana ya kutumia mshahara wa miezi kwa ajili ya kuruhusiwa kujaribu tu.

Wapo watakaotuambia kwamba mji huu una mambo makubwa zaidi ya kulilia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Maji ya ziwa yamepanda na kuingia mitaani. Vita vilivyoichukua Bukavu Februari 2025 vilifika mjini kwetu Desemba ya mwaka huohuo, na watu wakavuka kwenda Burundi na vitu walivyoweza kubeba. Tunayajua haya, tumeyaishi. Ni kwa sababu ya mambo hayo foto na karatasi vina uzito. Maji yalipoingia ndani yalichukua diploma, vyeti vya kuzaliwa na bahasha za foto. Anayekimbia, akifika upande wa pili, swali la kwanza ni jina lake na uso wake. Mtoto aliyepoteza karatasi zote anaweza kuanza upya kwa foto moja nzuri, na asipoipata, anabaki nje ya kila orodha. Mtu aliyepoteza nyumba hapaswi kupoteza na nafasi yake kwa ajili ya mkunjo wa shuka.

Hatukukaa kulia tu. Tumejifunza, na tunapeana tuliyojifunza. Piga foto nje, kivulini, penye mwanga mwingi, lakini usisimame juani. Mlangoni panapoelekea ziwani alasiri ni pazuri. Nyoosha shuka vizuri, uifunge ncha zote nne, na umsimamishe mtu hatua mbili mbele yake. Vaa nguo ya rangi, iliyo mbali na nyeupe. Mtu asijipige mwenyewe; mwingine ashike simu kwenye usawa wa macho, asogee nyuma kidogo, na kabla ya kupiga aguse uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga wa uso badala ya shuka. Zima programu za kulainisha ngozi, kwa maana foto iliyorembwa haikubaliki. Peleka foto kibandani kwa waya au kwa kadi ya kumbukumbu. Ikibidi kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama foto. Kata mraba kwanza, ndipo ufikie 600 kwa 600, na ubora uache juu. Jaza fomu mapema, usingoje siku za mwisho. Andika namba ya uthibitisho kwa mkono wako, kwenye daftari lako, kabla hujaondoka kwenye kiti.

Lakini maarifa ya uani hayawezi kuwa badala ya wajibu wa serikali. Kupiga foto ya raia kwa ajili ya hati ilikuwa kazi ya ofisi, au angalau ya ofisi na mpiga foto pamoja. Kazi hiyo imehamishiwa mikononi mwetu bila taa, bila ukuta, bila umeme na bila mtu wa kuuliza, na gharama ya kila kosa imehama nayo. Hilo ndilo lalamiko letu.

Kwa serikali za nchi za nje zinazopokea maombi yetu tunasema hivi. Kompyuta inayoweza kuikataa foto kwa sababu ni nzito inaweza pia kuipunguza yenyewe, kwa sekunde moja. Ipokeeni foto kama simu ilivyoipiga, mfanye nyinyi hesabu ya pikseli na kilobaiti. Foto ikiwa na kasoro, mwambieni mtu hapohapo kasoro ni ipi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na mumpe nafasi ya kuibadilisha. Acheni fomu ihifadhi kilichoandikwa, ili umeme ukikatika mtu aendelee alipoishia. Na mashine za kukagua nyuso zipimwe kwanza kwa nyuso za watu weusi, matokeo yatangazwe, kabla hazijapewa mamlaka ya kutuhukumu.

Kwa serikali yetu tunaomba jambo lisilohitaji mkopo wala sherehe. Mji wa Uvira una komine tatu: Kalundu, Mulongwe na Kavimvira. Kila komine itenge chumba kimoja, ukuta mmoja upakwe rangi nyeupe, iwekwe taa, kompyuta, kibao cha jua chenye betri, na kijana mmoja aliyefundishwa vipimo vya foto za maombi makuu. Vijana wa sekretaria publiki wapo, waajiriwe. Bei iandikwe mlangoni, na mjane, mkimbizi na mwanafunzi wasilipe. Kenya, ambayo tuko nayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, ilianza kufungua vituo vya Huduma mwaka 2013, ambapo raia anakuta huduma nyingi za serikali chini ya paa moja na mtu wa kumwelekeza. Sisi hatujaomba majengo kama hayo. Tumeomba chumba. Pia kadi yoyote itakayochapwa tena kwa jina la nchi hii ichapwe kwa wino unaodumu, kwa sababu kadi iliyofutika inatufuta katika kila mlango tunaobisha.

Mwaka wa shule unaanza Septemba, na wanafunzi wataanza tena kutuma maombi ya masomo kwa simu za kuazima. Chumba cha kwanza kinaweza kuwa tayari kabla ya hapo. Rangi nyeupe inauzwa sokoni Mulongwe, na mafundi wa kuipaka tumo humuhumu kati ya tunaolalamika. Kinachosubiriwa ni agizo la mkuu wa komine na sahihi yake.